Baridi yabisi

Baridi yabisi ni jina la kawaida la Kiswahili kwa magonjwa yanayoleta maumivu, uvimbe na ukakamavu wa viungo. Katika maandishi ya tiba hutumika hasa kwa ugonjwa mmoja, athritisi ya rumatoidi, lakini katika mazungumzo ya kila siku karibu mtu yeyote anayeumwa magoti, kiuno au vidole husema ana baridi yabisi. Mazoea hayo yana hasara, kwa sababu magonjwa yanayofunikwa na jina hilo yana vyanzo na tiba tofauti, na athritisi ya rumatoidi huweza kulemaza viungo moja kwa moja isipotibiwa mapema.

Asili ya jina

Maneno yote mawili yametoka katika Kiarabu. Yabisi maana yake ni kavu. Yanakumbusha tiba ya kale ya Wagiriki na Waarabu, iliyofundisha kwamba maradhi hutokea joto, baridi, unyevu na ukavu vinapokosa uwiano mwilini. Hadi leo wapo wanaoamini kwamba ugonjwa huletwa na kuoga maji ya baridi au kulala sakafuni. Baridi inaweza kuzidisha maumivu ya kiungo ambacho tayari ni kigonjwa, ila haisababishi ugonjwa wenyewe.

Athritisi ya rumatoidi

Katika ugonjwa huu mfumo wa kinga hushambulia utando laini ulio ndani ya kiungo. Utando huvimba, huwa mnene, na baadaye hula gegedu na mfupa. Chanzo kamili hakijulikani; urithi unachangia na uvutaji wa sigara huongeza hatari. Wanawake hupatwa mara 2 hadi 3 zaidi kuliko wanaume. Ugonjwa si wa wazee pekee: wengi huanza kuugua kati ya umri wa miaka 30 na 60, na hata watoto wana aina zao za athritisi.

Dalili inayosaidia zaidi kuutambua ni ukakamavu wa asubuhi unaodumu saa nzima au zaidi. Mgonjwa akiamka hawezi kufunga vifungo vya shati wala kukamua nguo, kisha mikono hulegea kadiri anavyoitumia. Viungo vidogo vya vidole na vifundo vya mikono huvimba, kwa kawaida pande zote mbili za mwili, lakini viungo vya mwisho vya vidole, karibu na kucha, mara nyingi husalimika. Huweza kuwepo pia uchovu mwingi, homa ndogo na kupungua uzito. Mchoraji Mfaransa Auguste Renoir (1841-1919) aliishi na ugonjwa huu kwa zaidi ya miaka 20, akaendelea kuchora huku vidole vyake vikiwa vimepinda.

Magonjwa yanayofanana nao

Osteoathritisi hutokana na kuharibika kwa gegedu, hasa kwenye magoti, nyonga na vidole. Maumivu yake huzidi kiungo kinapotumika na hupungua kwa kupumzika. Ukakamavu wa asubuhi kwa kawaida hauzidi nusu saa.

Jongo husababishwa na fuwele za asidi ya uriki. Huanza ghafla, mara nyingi usiku, na hupenda kushika kiungo cha kidole gumba cha mguu, ambacho huwa chekundu na huuma hata kikiguswa na shuka. Hata hivyo kiungo kimoja kilichovimba ghafla na kuwa cha moto, hasa pamoja na homa, kinaweza kuwa na usaha, na mgonjwa anatakiwa kufika hospitali siku hiyohiyo.

Chikungunya, inayoenezwa na mbu, inahusu Afrika Mashariki kwa namna ya pekee. Ilitambuliwa kusini mwa Tanzania katika mlipuko wa miaka 1952-1953, na jina lake ni la Kimakonde, likieleza mtu aliyejikunja kwa maumivu. Homa huisha baada ya siku chache, lakini kwa baadhi ya wagonjwa viungo huendelea kuuma kwa miezi au hata miaka.

Fibromyalgia ni tofauti na hayo yote. Maumivu huenea mwilini kwa zaidi ya miezi 3, pamoja na uchovu na usingizi usioburudisha, lakini viungo havivimbi na vipimo vya damu huwa vya kawaida. Kwa sababu hiyo wagonjwa mara nyingi huambiwa wanajisingizia, jambo lisilo la haki: maumivu ni ya kweli, ila tatizo liko katika namna mfumo wa neva unavyoyashughulikia.

Tiba

Dawa za kutuliza maumivu, kama vile ibuprofeni na diklofenaki, hupunguza uvimbe lakini hazizuii athritisi ya rumatoidi kuharibu mfupa. Zikitumiwa muda mrefu bila usimamizi huweza kudhuru tumbo na figo. Steroidi, kama vile prednisoloni, huleta nafuu ya haraka, na ndiyo maana baadhi ya dawa zinazouzwa kama za mitishamba zimekutwa zikiwa zimechanganywa nazo kwa siri. Zikitumiwa kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari ya damu, na kuziacha ghafla ni hatari.

Dawa ya msingi ni methotreksati, inayopunguza ukali wa mfumo wa kinga. Hutumiwa mara 1 tu kwa wiki, na waliokosea wakaimeza kila siku wamewahi kufa. Haifai kwa mjamzito, na anayeitumia hupimwa damu na ini mara kwa mara. Nafuu yake huchukua wiki kadhaa kuonekana, muda ambao wagonjwa wengi hukata tamaa na kuiacha.