Uvimbe wa Taya na Alama Yake

Mtoto akivimba taya, wengi tutasema ni jino, na mara nyingi ndivyo. Lakini uko uvimbe mwingine, mkali sana, ambao daktari Denis Burkitt wa Mulago, Kampala, aliueleza mwaka 1958. Mwaka 1961 alisafiri kwa motokaa maili 10,000 hivi akiulizia hospitali kwa hospitali, akaona kwamba unapatikana katika nchi za chini zenye joto na mvua, si milimani penye baridi. Basi Gatumba yetu, bondeni karibu na Ziwa Tanganyika, ni nchi ya namna hiyo. Huku ndiko kwenye malaria, nayo hushirikiana na virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe wenyewe.

Je, utatambuliwaje? Hukatwa kinyama kidogo, kikapimwa. Kila chembe ya mwili ina kwa kawaida kromosomu 46. Saratani za kinywa za wavuta tumbaku huvuruga kromosomu nyingi ovyo ovyo. Hii ina alama yake: kipande cha kromosomu ya 8 hukatika, mara nyingi kikajipachika katika ya 14. Kipande hicho kina jeni iamrishayo chembe zigawanyike, na huko ugenini haipumziki tena.

Chembe hizo zaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kisu hakizimalizi, lakini dawa kama siklofosfamaidi huuyeyusha uvimbe upesi, na watoto wengi hupona wakiwahiwa. Meno yakilegea bila kuoza, taya nalo limevimba, mtoto apelekwe hospitali leo leo.