Mgonjwa aseme, tabibu asikaripie

Tulipokuwa safarini katika Nyanda za Juu Kusini, ndani ya basi lililotoka Iringa kuelekea Mbeya, alipanda kijana mmoja pale Mafinga na begi lake begani. Baada ya kuwaamkia abiria kwa adabu na kuwaombea safari njema, alitoa kikopo cha vidonge akaanza kukisifu. Vidonge vile, alisema, ni mitishamba mitupu. Vinaondoa mawazo, vinarudisha usingizi na kumpa mtu moyo wa kufanya kazi, wala havina madhara yoyote kwa kuwa havikutiwa kemikali. Kabla hatujafika Makambako alikuwa amekwisha kuuza vikopo 6.

Jirani yetu wa kiti, mtu wa makamo kama sisi, alinunua kimoja. Tukamwomba tukisome. Katika maandishi madogo ya Kiingereza, yaliyotulazimisha kuvaa miwani, miongoni mwa mimea iliyotajwa tuliliona jina la Hypericum perforatum. Tulipomwuliza kama yumo katika tiba nyingine, alitazama dirishani kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini kuwa anameza dawa za kila siku, na huu ni mwaka wa nane. Je, atamweleza daktari wake habari za kikopo kile? "Thubutu, ndugu yangu! Nigombezwe mbele za watu?"

Jibu hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Mmea wenyewe si mgeni duniani. Wazungu waliupa jina la Mtakatifu Yohana, yule ambaye sisi tuliopita chuoni tunamjua kama Nabii Yahya, kwa sababu maua yake ya manjano huchanua huko Ulaya karibu na sikukuu yake ya tarehe 24 Juni. Jamaa yake mmoja, Hypericum revolutum, huota wenyewe katika milima yetu ya kusini, lakini huo ni mmea mwingine, nao usichukuliwe kuwa ndio uliomo koponi. Wala hatusemi kuwa wanaousifu mmea wa Ulaya wanaongopa. Mwaka 2008 wataalamu walichapisha mapitio ya majaribio 29 yaliyohusu wagonjwa 5,489 wa sonona, yaani ile huzuni inayokaa moyoni wiki baada ya wiki hata mtu akachoka kula, kulala na kuzungumza na wenziwe. Walikuta kuwa dawa hii iliwafaa wagonjwa kuliko vidonge vitupu visivyo na dawa ndani yake, na ilikaribia kulingana na vidonge vya hospitali. Basi ina nguvu ya kweli, na shida inaanzia hapo hapo.

Ndani ya mmea huu mna kemikali iitwayo haipaforini. Ikiingia mwilini, huliamsha ini likazalisha kwa wingi vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kuvunjavunja dawa na kuzitoa. Ini haliulizi dawa ile ni ya nani wala ni ya maradhi gani. Huzivunja zote zipitazo njia hiyo. Mgonjwa anameza kidonge chake kwa saa ile ile na kwa uaminifu ule ule, lakini kiasi kinachobaki katika damu hakitoshi. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwapa watu 8 wenye afya dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI iitwayo indinaviri pamoja na mmea huu. Kiasi cha dawa katika damu yao kilipungua kwa zaidi ya nusu. Mwaka huo huo madaktari wa Zurich, Uswisi, walitoa taarifa ya wagonjwa 2 waliopandikizwa moyo, ambao miili yao ilianza kuikataa mioyo ile baada ya wao kuanza kumeza mmea huu. Dawa yao ya kuulinda moyo ilikuwa imeshuka katika damu.

Kwa mikoa hii tuliyopita, jambo hili si hadithi ya ng'ambo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kuwa miongoni mwa watu wazima, asilimia 12.7 mkoani Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya wanaishi na virusi vya UKIMWI, wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.4. Tangu mwaka 2019 taifa letu lilianza kuwapa wagonjwa kidonge kimoja kwa siku chenye dolutegraviri, nacho kimewarudisha watu wengi mashambani na makazini. Mmea tunaousema unatajwa kwa jina miongoni mwa vitu vinavyoipunguza dolutegraviri katika damu. Dawa ikipungua, virusi hupata nafasi ya kuamka na kujifunza usugu.

Hapa tunapenda viongozi wetu watazame jambo moja ambalo kliniki zetu tayari zinalifanya vizuri. Mgonjwa wa virusi akipatwa na kifua kikuu, hupewa rifampisini, na rifampisini nayo huliamsha ini kwa namna ile ile. Waganga wanalijua hilo. Kwa hiyo humwongezea kidonge cha pili cha dolutegraviri cha miligramu 50, akimeze baada ya saa 12, na mambo huenda sawa. Tofauti kati ya rifampisini na kikopo cha basini ni kwamba ile ya kwanza imeandikwa katika kadi, na hiki cha pili kimefichwa chini ya mto. Daktari hawezi kukifanyia hesabu kitu asichokijua.

Wanaohusika si wagonjwa wa virusi peke yao. Mama anayetumia vidonge vya majira au vijiti vya kupanga uzazi anaweza kushika mimba asiyoitarajia. Dawa ya kuzuia damu isigande na baadhi ya dawa za moyo nazo hupungua nguvu. Na yule ambaye tayari amepewa dawa ya sonona hospitalini, kama fluoksetini, yuko katika hatari ya namna nyingine: dawa mbili zinazosukuma upande mmoja huweza kumletea mtetemeko, jasho jingi, homa, moyo kwenda mbio na akili kuvurugika. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja, wala asingojewe apoe.

Msomaji wa Unguja au Pemba ataweza kuuliza haya ya bara yanamhusu nini. Yanamhusu. Kiwango cha virusi visiwani ni cha chini, lakini shinikizo la damu, kisukari na maradhi ya moyo tunayo, na wapo ndugu zetu wanaohudhuria Kidongo Chekundu wakipewa dawa za kila mwezi. Vikopo vya mitishamba huja ndani ya mizigo ya jamaa kutoka Ghuba na Ulaya, navyo hupokewa kama zawadi.

Hatuyasemi haya ili kuibeza tiba ya asili. Serikali yetu ilianzisha kitengo cha kuichunguza pale Muhimbili mwaka 1974, Bunge likaitungia sheria mwaka 2002, na Zanzibar ikapata yake mwaka 2008. Aidha, si kila jani lina kosa: huko Zimbabwe, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima unga wa majani ya mlonge kwa watu wanaotumia nevirapini, na haukuona badiliko la maana katika damu yao. Kwa hiyo kumkataza mgonjwa kila kitu ni uvivu, na tena humfundisha kuficha.

Tunachokiomba kwa wakuu wa idara za afya, bara na visiwani, ni kidogo na hakihitaji fungu la fedha za kigeni. Katika kila kadi ya kliniki iongezwe mistari miwili ya kuandika mitishamba na vidonge vya kununua. Mwuguzi aulize kwa upole, faraghani, "Unatumia nini kingine nyumbani?", na akijibiwa asimkaripie mtu. Mgonjwa naye abebe kikopo chenyewe, kwani majina yaliyomo ni magumu kuyakariri. Asiache dawa za hospitali kwa sababu ya makala hii, wala asiache ghafla zile za sonona.

Tuliyamweleza hayo jirani yetu kabla ya kushuka Mbeya. Akasema basi atakitupa kikopo, na mambo yatakuwa yamekwisha. Ilitubidi tumwongezee kwamba, kwa mtu aliyekwisha kuutumia mmea huo kwa siku kadhaa, ini hukaa katika hali ile kwa muda wa wiki 2 hivi baada ya kuuacha. Kwa hiyo hata aliyeuacha jana bado ana la kumwambia daktari.