Nani Mwenye Amri Juu ya Mashine ya Nyumbani Mwako?

Ndugu msomaji, pampu ya joto ni ndugu wa damu wa kiyoyozi tunachokifahamu maofisini. Kiyoyozi huchota joto chumbani na kulitupa nje. Pampu ya joto yaweza pia kuigeuza kazi hiyo: huchota joto lililomo katika hewa ya nje, hata wakati wa baridi, na kulileta ndani. Kwa kuwa hailizalishi joto bali hulihamisha tu, uniti 1 ya umeme yaweza kuleta nyumbani uniti 3 za joto. Ndiyo maana familia nyingi za Norwei na Ufini huitegemea.

Siku hizi nyingi ya mashine hizo huongozwa kwa simu kupitia intaneti. Mwenye nyumba akibonyeza simu sebuleni, amri husafiri hadi kwenye kompyuta za kampuni, pengine katika nchi nyingine, ndipo irudi kwenye mashine iliyo hatua tatu mbele yake. Intaneti ikikatika, amri haifiki, na ratiba ya kupasha nyumba joto alfajiri kabla watoto hawajaamka yaweza kuvurugika. Kampuni ikifunga huduma, mnunuzi hana la kusema. Hayo si ya kubuni. Aprili 2022, kampuni ya Insteon ya Marekani, iliyouza vifaa vya kuongozea taa na joto majumbani, ilizima kompyuta zake bila kuwaarifu wateja. Oktoba 2025, Google iliondoa huduma ya simu kwa vidhibiti joto vya Nest vya toleo la kwanza na la pili.

Je, hakuna njia nyingine? Ipo. Mwaka 2014, mikrokontrola iitwayo ESP8266, ya kampuni ya Espressif ya Shanghai, ilianza kuenea duniani. Ni kompyuta ndogo mno yenye redio ya mtandao ndani yake, na bei yake ni dola chache tu. Ndani ya pampu nyingi za Mitsubishi Electric mna soketi ya pini 5 iliyoandikwa CN105. Mafundi wa kujitolea walizichunguza ishara zipitazo hapo, wakazifasiri, wakaigawa programu yao bure. Mikrokontrola ikiunganishwa hapo, huisemesha mashine kwa lugha yake yenyewe: washa, zima, joto liwe nyuzi 20. Amri haitoki nje ya nyumba. Nayo rimoti ya zamani huendelea kufanya kazi.

Hata hivyo, uhuru una wajibu wake. Ndani ya mashine mna umeme uwezao kuua. Hapana budi kuzima swichi kuu na kumwita fundi. Soma pia masharti ya dhamana, maana kuifungua mashine kwaweza kuibatilisha. Mtandao wa nyumbani nao uwe na neno la siri lililo madhubuti.

Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Basi, ndugu msomaji, siku utakapokwenda kununua kiyoyozi au mashine yoyote ya kuongozwa kwa simu, muulize muuzaji swali moja kabla ya kutoa fedha: intaneti ikikatika, itamtii nani?