Sakitu na Betri za Sola: Swichi Ndogo Inayoweza Kuokoa Betri Yako

Wakulima wa Kinangop, Ol Kalou na sehemu nyingine za juu za Kaunti ya Nyandarua wanaijua sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri inayoacha majani ya viazi yakiwa meusi kana kwamba yamechomwa moto. Wasichojua wengi ni kwamba asubuhi kama hiyo inaweza pia kuharibu betri ya sola iliyowekwa nje ya nyumba.

Betri nyingi za sola zinazouzwa siku hizi ni za lithiamu, na baadhi huandikwa LiFePO4 kwenye kibandiko. Ni nyepesi, haziongezwi maji na hudumu kuliko zile za asidi. Hata hivyo, zina sharti moja: hazifai kuchajiwa joto lake likiwa chini ya nyuzi 0 za selsiasi.

Betri inapochajiwa, chembe za lithiamu huhama kutoka upande mmoja na kujipenyeza katika grafiti iliyo upande wa pili. Kukiwa na baridi kali, grafiti huzipokea polepole mno. Zinazokosa nafasi hugandamana juu yake na kuwa utando wa metali. Sehemu ya lithiamu hiyo hairudi tena kazini, na betri hupoteza sehemu ya uwezo wake moja kwa moja. Utando ukiendelea kukua, unaweza kuleta shoti ndani ya betri na hata moto.

Kutumia umeme wa betri hakuna hatari hiyo. Ndiyo maana mtu ambaye taa yake imewaka usiku kucha hudhani betri yake iko salama. Madhara huja jua linapochomoza. Usiku wa sakitu huwa hauna mawingu, na mara nyingi hufuatwa na asubuhi ya jua. Paneli huanza kutoa umeme mapema, ilhali betri ingali baridi.

Betri iliyo ndani ya nyumba wanamolala watu kwa kawaida haifikii baridi hiyo. Zinazohitaji kuangaliwa ni zile za pampu ya maji, fensi ya umeme, banda la kuku, taa za uani na vibanda vya mabati. Wenye betri hizo wanashauriwa kuchukua hatua zifuatazo:

1. Pima kwanza. Weka kipimajoto kikigusa betri na ukisome saa 12 asubuhi, hasa siku za sakitu. Kikisoma chini ya nyuzi 5, betri inahitaji kinga.

2. Ihamishe ndani ikiwezekana. Isipowezekana, iinue kutoka kwenye sakafu ya saruji na uiweke katika sanduku lisilopitisha baridi kwa urahisi. Usiweke jiko la makaa karibu nayo.

3. Muulize muuzaji kama saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri hukata chaji wakati wa baridi. Saketi nyingi za bei nafuu huzuia betri kujaa kupita kiasi au kuisha kabisa, lakini hazipimi baridi.

4. Kama haina kinga hiyo, weka swichi ya joto. Thamostati ndogo ya kidijitali ya volti 12, yenye kihisio kwenye waya, huuzwa kwa shilingi mia chache katika maduka ya vifaa vya elektroniki. Huwekwa ikate chaji joto likishuka hadi nyuzi 5 na kuirudisha likifika nyuzi 8. Nafasi hiyo ya juu ya sifuri ni ya tahadhari, kwa sababu kihisio hupima ganda la betri na si ndani yake.

Kihisio kibandikwe kwenye betri yenyewe, si ukutani. Swichi ikate waya unaotoka kwenye paneli kwenda kwa kidhibiti chaji. Isikate waya ulio kati ya kidhibiti na betri, kwa kuwa baadhi ya vidhibiti huharibika vikitenganishwa na betri huku paneli ikileta umeme. Pia swichi iwe inaweza kuhimili umeme wa sola. Iliyotengenezewa umeme wa nyumbani pekee inaweza kuungua. Kwa sababu hizo, kazi hii ifanywe na fundi wa sola mwenye leseni ya EPRA.

Kwa mpango huo, chaji huchelewa tu asubuhi za baridi hadi betri ipate joto. Kiasi cha umeme kinachopotea ni kidogo, ukilinganisha na gharama ya kununua betri nyingine.

Betri iliyovimba, inayotoa harufu au inayopata moto isivyo kawaida isichajiwe tena. Isichomwe wala kutupwa shimoni, bali irudishwe kwa muuzaji au ipelekwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.