Kovu Hupona, Ubongo Huchelewa: Kuishi na Mtu Aliyeumia Kichwa

Mtu akivunjika mguu, kila mmoja huona plasta na kumpisha kiti kwenye matatu. Akiumia ubongo, mara nyingi hakuna cha kuonekana. Nywele huota juu ya kovu, anatembea, anasalimia watu, na familia inashukuru kwamba balaa limepita. Baada ya wiki chache lawama huanza. Amekuwa mvivu. Ana hasira za ovyo. Haambiliki. Wengine husema analewa, wengine kwamba amerogwa. Kumbe ni jeraha lile lile, ambalo halijamaliza kupona.

Kwa wakazi wa Kilifi, hili haliko mbali. Wapo wanaoumia kichwa katika ajali za bodaboda, wanaoanguka kutoka juu ya mnazi wakiangua nazi au kugema, wanaoanguka kwenye mjengo, na wanaopigwa, wakiwemo wanaopigwa nyumbani. Ubongo huweza kuumia pia bila kichwa kugongwa, kama vile kwa kiharusi au malaria iliyopanda kichwani. Tafiti za KEMRI na Wellcome Trust, zinazoshirikiana mjini Kilifi tangu 1989, zimeonyesha kwamba baadhi ya watoto wanaopona malaria kali hubaki na kifafa au ugumu wa kusema na kukumbuka.

Ubongo huumiaje?

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4, nao ni laini. Kichwa kinaposimama ghafla, kwa mfano kikigonga lami, ubongo huendelea kusonga na kujigonga ndani ya fuvu. Sehemu zinazoumia zaidi mara nyingi ni zile za mbele, nyuma ya paji la uso, na za kando, karibu na masikio.

Sehemu ya mbele ndiyo humsaidia mtu kupanga shughuli, kujizuia kabla ya kusema, na kuanza kazi bila kusukumwa. Za kando husaidia kumbukumbu na lugha. Ndiyo maana aliyeumia huko huweza kutembea vizuri na bado akasahau alichotumwa dukani, akafoka kwa jambo dogo, au akakaa kutwa bila kuanza kazi aliyoizoea.

Dalili nyingine ni uchovu mkali hata baada ya kazi ndogo, maumivu ya kichwa, kutovumilia kelele, kukosa usingizi, huzuni na kifafa. Wengi waliopata mshtuko mdogo hupona katika siku au wiki chache. Walioumia sana huweza kuendelea kupata nafuu kwa miezi na hata miaka, na baadhi hawarudi kabisa walivyokuwa.

Saa za kwanza

Aliyegonga kichwa asiachwe peke yake kwa saa 24 za mwanzo. Apelekwe hospitalini haraka iwapo alizimia, anatapika mara kwa mara, kichwa kinazidi kumuuma, anaongea kwa kukokota, ana degedege, anatokwa na damu au majimaji puani au masikioni, au anasinzia na ni vigumu kumwamsha. Ikiwa shingo huenda imeumia, asibebwe ovyo wala kukunjwa juu ya pikipiki. Kichwa na shingo vishikwe vikiwa vimenyooka mpaka usaidizi ufike. Asipewe pombe.

Nyumbani, baada ya hospitali

Jambo la kwanza ni familia kuelewa kwamba mgonjwa hafanyi makusudi. Kumkemea hakurudishi kumbukumbu. Mambo haya madogo husaidia zaidi:

• Mpe maagizo mafupi, moja baada ya jingine. Badala ya "Nenda sokoni, upitie kwa shangazi, urudi na unga," anza na moja.

• Shughuli za kila siku zifuate ratiba moja. Daftari, kalenda ukutani au kengele ya simu humkumbusha dawa na miadi ya kliniki.

• Apumzike kabla hajachoka kabisa. Kazi ngumu ifanywe asubuhi, katika sehemu tulivu.

• Hasira zikipanda, punguza kelele, mpe nafasi, na usibishane naye wakati huo. Zungumzeni akitulia. Ikiwa anahatarisha wengine, ondokeni mahali hapo na mtafute usaidizi.

• Aepuke pombe na mihadarati. Ubongo ulioumia huathirika upesi zaidi, na hatari ya kifafa huongezeka.

• Asirudi kuendesha pikipiki, kupanda mnazi au kutumia mashine kabla daktari hajamruhusu.

Akishikwa na kifafa, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, na usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Ikipita dakika 5, mpeleke hospitalini. Kumfunga kamba au kumfungia chumbani si matibabu. Ni kumwongezea jeraha.

Anayemtunza naye ni binadamu. Mara nyingi ni mke, mama au dada aliyeacha shughuli zake. Ndugu wapeane zamu, hata kama ni jioni mbili kwa wiki, ili naye apate kulala na kutoka.

Haki za aliyeumia

Athari za jeraha la ubongo zinazodumu zinaweza kuwa ulemavu, hata kama hazionekani kwa macho. Mwathiriwa anaweza kufanyiwa tathmini katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa, kisha asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Aliyesajiliwa anaweza kuomba vifaa vya kumsaidia, na mwenye mshahara anaweza kuomba msamaha wa kodi ya mapato. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa haki ya kutendewa kwa heshima na kutoitwa majina ya kumdhalilisha. Aliyeumia akiwa kazini amjulishe mwajiri mapema, kwani sheria ya 2007 inatoa nafasi ya kudai fidia.

Kinga

Sheria ya trafiki inamtaka mwendeshaji wa bodaboda na abiria wake wavae helmeti, na abiria awe mmoja tu. Uchambuzi wa tafiti kutoka nchi mbalimbali ulionyesha kwamba, ajali ikitokea, helmeti hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 na ya kufa kwa asilimia 42. Helmeti iliyoning'inizwa kwenye usukani, au isiyofungwa mkanda, haimlindi mtu.

Pa kuanzia

Familia iliyo na mtu aliyebadilika baada ya kuumia kichwa, hata kama ajali ilitokea miaka kadhaa iliyopita, ianze kwenye zahanati iliyo karibu au kwa mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chao. Waende na karatasi za hospitali walizonazo, na waandike mabadiliko waliyoyaona na yalianza lini. Maelezo hayo humsaidia daktari kuamua kama mgonjwa apelekwe kwa mtaalamu wa viungo, wa usemi, wa tiba ya kazi au wa afya ya akili.