Kutoka Mtaa wa Lumumba: Jinsi Chuo Kikuu Kilivyojizalia Walimu Wake

Atokaye Kariakoo kuelekea Mnazi Mmoja hana budi kuukata Mtaa wa Lumumba, na katika kuukata huko, mzigo wa vitenge ukiwa begani na risiti mkononi, akikwepa mkokoteni huku na bodaboda kule, ni nadra akumbuke kwamba katika mtaa huu huu, ndani ya jengo la chama cha TANU, tarehe 25 Oktoba 1961, siku 45 kabla ya bendera ya Uhuru kupandishwa, kilifunguliwa chuo kikuu cha kwanza cha nchi yetu. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi 13, mwanamke akiwa mmoja miongoni mwao. Hapakuwa na bustani wala mabweni ya fahari, na sauti za wachuuzi, naamini, zilikuwa zikiingia madirishani pamoja na upepo wa pwani. Waliokiasisi walikuwa na haraka ya haki, maana dola inayozaliwa bila wanasheria wake sharti iazime hata wa kuiandikia sheria zake.

Chuo hicho kichanga kilikuwa chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaungana na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Mwalimu Nyerere akiwa mkuu wake wa kwanza. Mwaka 1964 kikahamia kwenye kilima nje ya mji, mahali ambapo watu wote leo hupaita Mlimani. Na ilipofika tarehe 1 Julai 1970, muungano ule ulipovunjika, kikasimama kwa jina lake chenyewe, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Habari hizi zimesimuliwa mara nyingi. Lisilosimuliwa sana ni kwamba chuo chaweza kuwa na jina lake, na muhuri wake, na majoho yake, kisiwe bado kimejitegemea, madamu kila anayesimama mbele ya darasa amelazimika kuvuka bahari ili apate elimu ya kumhalalisha kusimama pale. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare aliyeandika tarikhi ya Wapare, ilimlazimu kwenda Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kuipata shahada ya juu kuhusu kabila lake mwenyewe, akatunukiwa mwaka 1967. Miaka 2 baadaye, yeye na mwenziwe Arnold Temu walihariri historia ya Tanzania ambayo wanafunzi wengi waliinukia nayo. Kazi yao ilikuwa njema. Ila fikiri, msomaji, umbali wa njia iliyopitiwa ili mtu wa Upare afahamu mambo ya Upare.

Hapo ndipo unapoonekana umuhimu wa masomo ya juu, yale yanayofuata baada ya shahada ya kwanza. Kiswahili kimeyapa majina mawili yanayofanana kwa sauti hata watu huyachanganya: uzamili, ambayo ni shahada ya pili, na uzamivu, ambayo ni ya tatu na ya mwisho. Hili la pili lina uhusiano na kuzama, na mzamivu, kama wajuavyo watu wa pwani, ni yule ashukaye chini ya maji kutafuta kisichoonekana juu. Naliona jina limefaa sana. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hupewa elimu iliyokwisha kupatikana, akaipokea na kuihifadhi. Wa uzamivu hutakiwa alete jambo ambalo kabla yake halikuwamo katika elimu ya ulimwengu, hata likiwa dogo kama punje ya mtama, na alete burhani yake. Kwa hiyo shahada hizi ndizo ngazi ya ualimu wa chuo kikuu: kijana aliyefaulu vizuri huajiriwa kuwa mkufunzi msaidizi, akipata uzamili huwa mhadhiri msaidizi, akipata uzamivu huitwa mhadhiri, na kutoka hapo, kwa maandishi yake na miaka yake, huweza kupanda kuwa mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, kisha profesa. Chuo kisichotoa shahada hizi chenyewe ni kama shamba ambalo mbegu zake hununuliwa kila msimu kwa jirani.

Mtu asidhani kwamba masomo hayo yana jengo lake moja lenye lango na kibao. Mwanafunzi huwa mtu wa idara yake, na idara ni ya ndaki, au shule kuu, au taasisi. Ndaki huongozwa na rasi, shule kuu huongozwa na amidi, na juu ya hao ipo kurugenzi inayoangalia masomo ya shahada za juu chuoni kote, ikitunza kanuni, usajili na mitihani, hata lije neno la mwisho, ambalo ni la Seneti. Yasikikapo kwa mara ya kwanza, mambo haya huonekana kama msururu wa mihuri tu. Lakini kila muhuri una hikima yake, kwa kuwa shahada ya uzamivu ni ushahidi ambao chuo kinautoa mbele ya ulimwengu, na shahidi mwongo huaibisha ukoo mzima.

Safari yenyewe huanza kwa pendekezo la utafiti, kurasa ambazo ndani yake mwanafunzi hueleza anauliza nini, nani amekwisha kuuliza kabla yake, na kwa njia gani atajibu. Wengi hukwama hapa hapa, miezi na miezi, kwani kuuliza swali lenye mipaka ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Anayesema atatafiti umaskini wa Tanzania hajasema kitu, na anayesema atatafiti jinsi wauza mitumba wa mtaa fulani wanavyokopeshana mtaji bila karatasi amekwisha kuanza kazi. Pendekezo hutetewa mbele ya wanaidara, na likikubaliwa hupewa msimamizi, mmoja au wawili, ambaye kwake mwanafunzi huwa kama mwanagenzi kwa fundi. Kisha huja barua ya kibali, ambayo bila hiyo mlango wa ofisi ya mkoa, wilaya wala mtaa haufunguki, kisha uwanjani, kisha kuandika, kuandika tena na kufuta. Tasnifu ikikamilika hupelekwa kwa watahini, mmojawapo akiwa wa nje, mtu wa chuo kingine asiye na udugu wala uadui na mtahiniwa. Mwisho mwanafunzi huketi mbele ya jopo kuitetea kwa mdomo wake, akaulizwa hadi jasho limtoke, na hata akishinda hurudishwa nyumbani na orodha ya masahihisho, na fundi wa kujalidi hawezi kuipiga jalada gumu mpaka masahihisho yathibitishwe.

Kukua kwa mambo haya hakukuwa kwa mstari ulionyooka. Kuanzia miaka ya 1970 misaada ya utafiti ilikuja kutoka Sweden na kwingineko, maabara zikapata vifaa, na vijana wakaanza kusomea uzamivu hapa hapa nyumbani. Profesa Issa Shivji alitunukiwa shahada yake ya uzamivu na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1982, kwa kazi juu ya sheria na tabaka la wafanyakazi wa Tanzania. Profesa Mugyabuso Mulokozi alitunukiwa ya kwake mwaka 1986, kwa utafiti wa tendi za Wahaya ziimbwazo kwa nanga. Ukiwalinganisha hawa na safari ya Kimambo utaona kilichobadilika katika muda wa miaka 20: jambo la nyumbani liliulizwa nyumbani na kutahiniwa nyumbani. Wakati huohuo chuo kilikuwa kikizaa vyuo: kitivo cha kilimo cha Morogoro kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984, na mwaka 2007 Muhimbili, pale Upanga, na Ardhi vikasimama peke yao, kila kimoja kikitoa shahada zake za juu.

Lakini katikati ya kukua huko ilikuja dhiki. Katika miaka ya 1990, serikali ilipozuia ajira mpya, wakufunzi wasaidizi hawakuajiriwa kama ilivyopaswa, na ngazi ile niliyoitaja ikakosa vidato vya chini. Athari ya jambo hili haikuonekana mara moja. Ilionekana baadaye, maprofesa walipoanza kustaafu kwa pamoja na nyuma yao pakawa na pengo la umri, huku wanafunzi wakiongezeka na vyuo vipya vikifunguliwa mikoani.

Na wanafunzi hao si wale wa zamani. Aghalabu mwanafunzi wa uzamili leo ni mtu mzima, karani wa benki, mwalimu wa sekondari, muuguzi, afisa wa halmashauri, mwenye watoto na kodi ya nyumba, maana mikopo ya serikali huelekezwa zaidi kwa shahada ya kwanza na yeye hujilipia, au hulipiwa na mwajiri. Katikati ya mji wamo kwa wingi: utawaona jioni wakitoka kazini Posta wakielekea Chuo cha Usimamizi wa Fedha, kilichopo tangu 1972 katika Mtaa wa Shaaban Robert, au wale wa Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya mtu asiyeweza kuacha kazi yake. Saa 2 usiku darasa likiisha, hukimbilia mwendokasi wa Gerezani au daladala za Mbagala na Gongo la Mboto, na tasnifu nyingi, nathubutu kusema, zimesomwa kwa nuru ya simu ndani ya gari lililosimama foleni. Watu hawa nawaheshimu kwa dhati.

Ila heshima haitoshi. Kasoro kubwa ya masomo haya si uchache wa majengo. Mlimani ilifunguliwa mwaka 2018 maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya kuketi watu 2,100 kwa mara moja, na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, uliopitishwa mwaka 2021 kwa ajili ya elimu ya juu, ulilenga kujenga na kusomesha wahadhiri. Kasoro kubwa ni usimamizi. Fundi mmoja akipewa wanagenzi wengi kuliko awezavyo kuwatazama mikono yao wanapofanya kazi, hubaki kutazama vyombo vilivyokwisha kuharibika; sura ya tasnifu hulala mezani miezi, mwanafunzi hukata tamaa kimyakimya, na shahada ya miaka 3 huenda miaka 7. Kuongeza udahili pasipo kuongeza wasimamizi si kukua.

Liko na jambo la pili, nalo laturudisha Kariakoo. Utafiti mmoja mashuhuri juu ya maisha ya watu wa Dar es Salaam ulifanywa mwaka 1956 na afisa wa serikali ya kikoloni, Mwingereza J. A. K. Leslie, na kitabu chake kikatoka 1963. Leo wanaouliza ni wana wa nchi, na maswali hayaishi: soko la Kariakoo lililobuniwa na msanifu Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, liliungua tarehe 10 Julai 2021, na katika moto ule mmoja zimo tasnifu za uhandisi, za bima, za sheria ya upangaji na za uchumi wa mchuuzi. Lakini tasnifu hizo huandikwa kwa Kiingereza na kuwekwa Mlimani. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili imekwisha kuonyesha kwamba lugha yetu yaweza kubeba elimu hadi daraja la uzamivu, na sioni sababu ya haki kwa nini mwanafunzi wa uchumi au wa mipango miji asilazimishwe walau kuandika muhtasari kamili kwa Kiswahili kwa ajili ya wale aliowahoji.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye duka, meza au turubai Kariakoo, siku akikujia kijana na hojaji yake, usimfukuze. Mtake akuonyeshe barua ya kibali na akutajie jina la msimamizi wake. Ukiridhika, mjibu kwa ukweli, hata lile la kodi. Kisha andika jina lake na namba yake ya simu, na atakapohitimu, mdai akurudie na kukusomea, kwa Kiswahili, alichokiona.