Kuaminika kwa Chanzo na Ulinganifu wa Ujumbe: Tathmini ya Taarifa za Afya za Mtandaoni kwa Mgonjwa wa Kisukari Anayefunga Ramadhani Kisiwani Unguja

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mtoa elimu ya afya anavyoweza kutafuta na kutathmini taarifa za mtandaoni kabla ya kuzifikisha kwa mgonjwa. Mfano uliotumika ni wa mgonjwa wa kisukari wa Unguja anayekusudia kufunga Ramadhani. Hoja kuu ni kwamba vigezo vilivyozoeleka vya kutathmini tovuti hupima kuaminika kwa chanzo, lakini havipimi iwapo maelezo ya chanzo hicho yanalingana na mashine, dawa, saa na chakula cha mgonjwa husika. Taarifa iliyo sahihi kabisa inaweza kumdhuru mgonjwa kwa kukosa ulinganifu huo. Kwa sababu hiyo, makala yanapendekeza tathmini ya hatua mbili.

1.0 Utangulizi

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, na walio wengi mno miongoni mwao ni Waislamu. Kila unapokaribia mwezi wa Ramadhani kuandama, mgonjwa wa kisukari hukabiliwa na swali ambalo hawezi kuliahirisha: afunge au asifunge, na akifunga, dawa zake azitumie vipi? Jibu analolipata linaweza kutoka kwa daktari au muuguzi wa Hospitali ya Mnazi Mmoja, kwa muuza dawa wa mtaani, au kwa kijana wa nyumbani mwenye simu mkononi. Mara nyingi wote hao wamechota mtandaoni, ingawa si kutoka kisima kimoja.

Uzito wa swali hili unathibitishwa na utafiti mpana uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13 na kuchapishwa mwaka 2004 kwa jina la EPIDIAR. Utafiti huo ulihusisha wagonjwa 12,243. Takribani asilimia 79 ya wenye kisukari aina ya pili na asilimia 43 ya wenye aina ya kwanza walifunga angalau siku 15 za mwezi. Matukio ya sukari kushuka kwa kiwango cha hatari yaliongezeka mara 4.7 kwa wagonjwa wa aina ya kwanza na mara 7.5 kwa wa aina ya pili yakilinganishwa na miezi mingine. Aidha, nchi zote 13 zilikuwa za Asia, Mashariki ya Kati, Uturuki na Afrika Kaskazini; hakuna hata moja ya kusini mwa Sahara. Hivyo basi, msomaji wa Unguja anayetumia matokeo hayo anatumia ushahidi ulio bora, lakini uliokusanywa kwingine. Hali hiyo ndiyo inayojitokeza katika kila hatua ya mjadala unaofuata.

2.0 Kuunda Swali na Kutafuta

Utafutaji mzuri huanza kabla ya simu kufunguliwa. Swali la jumla, kama vile “kisukari na Ramadhani”, huleta majibu ya jumla. Swali linalofaa lina sehemu nne: mgonjwa ni nani, jambo linalokusudiwa ni lipi, linalinganishwa na nini, na matokeo yanayohofiwa ni yapi. Kwa mfano: kwa mzee wa miaka 65 mwenye kisukari aina ya pili anayetumia glibenklamidi, je, kufunga bila kubadilishiwa dawa kunaongeza hatari ya sukari kushuka kuliko kufunga baada ya kubadilishiwa?

Lugha ya utafutaji nayo ina mitego yake. Katika mazungumzo ya Unguja, neno “sukari” hutaja ugonjwa na pia kitiwacho katika chai. Neno “kufunga” lina maana ya saumu, lakini pia hutumika kwa choo kigumu. Neno “saumu” lenyewe ni ibada na ni kitunguu, ijapokuwa Waunguja wengi hukiita kitunguu thomu. Anayeandika “saumu na kisukari” anaweza kuletewa kurasa zinazosifu kitunguu kuwa ni tiba ya kisukari, na asipokuwa makini atadhani amejibiwa. Ni bora kutumia maneno yasiyo na utata, kama vile “mfungo wa Ramadhani”, na kutaja jina la dawa pamoja na neno “kisukari”.

Baada ya hapo, mtafutaji aelekee kwanza kwenye miongozo, kisha kwenye tafiti, na mwisho kwenye kurasa zilizoandikwa kwa ajili ya wagonjwa. Kwa somo hili, mwongozo mkuu ni ule wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari pamoja na Muungano wa Kisukari na Ramadhani, uliotolewa mwaka 2016 na kuhuishwa mwaka 2021. Tafiti zinapatikana kupitia PubMed, na zile zinazolipiwa zinapatikana kupitia Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji mwaka 2002, ambao taasisi za Tanzania zinastahili kuutumia bila malipo. Kwa kurasa za wagonjwa, MedlinePlus ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ina baadhi ya maandishi kwa Kiswahili. Hata hivyo, Kiswahili si miongoni mwa lugha sita rasmi za Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo sehemu kubwa ya maarifa haya bado inamfikia Muunguja kwa njia ya tafsiri.

3.0 Hatua ya Kwanza: Kupima Kuaminika kwa Chanzo

Vigezo vya msingi vilitolewa mwaka 1997 katika jarida la JAMA na Silberg, Lundberg na Musacchio. Ni vinne: mwandishi atajwe pamoja na sifa zake, vyanzo vya madai vioneshwe, mmiliki na maslahi yake yawekwe wazi, na tarehe ya kuandikwa au kuhuishwa iwepo. Mwaka 1999 kiliundwa nchini Uingereza chombo kiitwacho DISCERN, chenye maswali 16. Maswali manane ya mwanzo hupima kuaminika kwa andiko, saba yanayofuata hupima ubora wa maelezo kuhusu tiba, na la mwisho hutoa hukumu ya jumla. Kwa upande mwingine, alama ya ithibati ya HONcode, iliyokuwa ikitolewa kutoka Geneva, haihuishwi tena tangu taasisi iliyoitoa ilipofunga shughuli zake mwishoni mwa 2022. Tovuti inayoendelea kuibandika haithibitishi chochote.

Katika mfano wetu, kigezo cha maslahi ndicho chenye uzito zaidi. Ukurasa unaoahidi kumaliza kisukari kabisa kwa habasoda, mdalasini au uwatu, na papo hapo ukauza chupa ya mchanganyiko huo, umejihukumu wenyewe. Viungo hivyo si vigeni Unguja wala havina ubaya katika chakula, na heshima ya watu kwa tiba za jadi ina misingi yake. Hatari imo katika ushauri unaoambatana navyo, yaani mgonjwa aache dawa za hospitali. Mwenye kisukari aina ya kwanza akiacha insulini, asidi hujilimbikiza katika damu yake, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Panapokuwa na bidhaa, mtoa elimu aulize pia kama imesajiliwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar.

Kigezo cha tarehe nacho kina nafasi yake. Mwongozo wa 2021 ulibadili namna ya kupanga hatari: mgonjwa hupewa alama kulingana na aina ya kisukari, dawa, matatizo ya figo, historia ya sukari kushuka na mengineyo. Alama 0 hadi 3 ni hatari ndogo, 3.5 hadi 6 ni ya wastani, na zaidi ya 6 ni kubwa. Ukurasa uliotegemea toleo la 2016 haujui mpango huo.

4.0 Hatua ya Pili: Kupima Ulinganifu na Mgonjwa wa Unguja

Tuchukulie sasa kwamba ukurasa umefaulu vigezo vyote vilivyotangulia. Vipengele vinne vinaonesha kwa nini kufaulu huko hakutoshi.

4.1 Kipimo

Kurasa za Marekani hutaja sukari ya damu kwa miligramu kwa desilita, ilhali mashine nyingi zinazotumika kwetu husoma milimoli kwa lita. Uhusiano wa vipimo hivi ni kwamba milimoli moja kwa lita ni sawa na miligramu 18 kwa desilita. Mwongozo unasema mgonjwa afungulie iwapo sukari iko chini ya 70 au juu ya 300 kwa kipimo cha kwanza, yaani chini ya 3.9 au juu ya 16.6 kwa kipimo cha pili, au akihisi dalili za hatari. Mgonjwa aliyeambiwa “chini ya 70” huku mashine yake ikionesha 17 ataona kwamba sukari imeshuka sana, na huenda akanywa sharubati, ilhali sukari yake tayari imepita kiwango cha juu. Ukurasa haukusema uongo, na bado umempoteza.

4.2 Jina la dawa

Dawa inayoitwa glibenklamidi katika Afrika Mashariki hujulikana Marekani kama glaiburaidi, na parasitamoli huko ni asetaminofeni. Msomaji asiyejua hilo anaweza kupita onyo linalomhusu akidhani ni la dawa nyingine. Kwa mwenye kufunga, kosa hilo si dogo. Glibenklamidi ni miongoni mwa dawa za kundi la salfonilurea zenye hatari kubwa zaidi ya kushusha sukari, na Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaeleza kuwa haifai kwa wenye umri unaozidi miaka 60. Metfomini, kinyume chake, ikitumika peke yake huwa na hatari ndogo.

4.3 Saa

Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu macheo na machweo, na saa ya Kizungu tangu usiku wa manane na adhuhuri. Tafsiri ya mashine ikiiacha tarakimu kama ilivyo, dawa iliyopangwa kwa saa ya jioni ya Kizungu iliyoandikwa 7 huwa “saa 7 usiku”, badala ya saa 1 usiku. Tofauti ni ya saa sita. Insulini iliyokusudiwa kuandamana na mlo baada ya kufuturu inaweza kudungwa wakati nyumba nzima imelala na chakula hakipo, na sukari ikashuka usingizini bila mtu kujua.

Urefu wa saumu pia hutofautiana. Vipeperushi vya Uingereza huzungumzia siku za kiangazi ambapo mfungo hupita saa 16. Unguja iko takribani nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, na mfungo wake huwa kati ya saa 13 na 14 mwaka mzima. Ushauri uliojengwa juu ya siku ndefu unaweza kumtisha bila sababu mgonjwa ambaye hatari yake ni ndogo.

4.4 Chakula

Maelezo ya lishe yakitaja mkate wa ngano na nafaka za pakiti, mgonjwa hapati la kufanya. Futari ya Unguja ni muhogo, ndizi, viazi vitamu au majimbi kwa tui la nazi, pamoja na uji, tambi na tende. Maelezo yenye faida humwambia apunguze kiasi gani cha hivyo alivyo navyo mezani, na asiiache daku.

5.0 Kutoka Ukurasani hadi kwa Mgonjwa

Kutokana na uchambuzi huu, kila andiko lililofaulu hatua ya kwanza lipitishwe katika maswali matano kabla ya kukabidhiwa mgonjwa:

(i) Je, viwango vyote vimeandikwa kwa kipimo cha mashine yake?
(ii) Je, dawa zimetajwa kwa majina yaliyo kwenye pakiti zake?
(iii) Je, nyakati zimeandikwa kwa saa ya Kiswahili na kufungamanishwa na daku na futari?
(iv) Je, chakula kilichotajwa ndicho kinachopikwa nyumbani kwake?
(v) Je, limeeleza wapi aende na nini afanye hali ikiharibika usiku?

Swali la sharia lisiachwe pembeni. Aya ya 184 na ya 185 za Sura ya al-Baqara zinampa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na mwongozo wa kimataifa unaeleza kwamba kupima sukari kwa kuchoma kidole hakubatilishi saumu. Hata hivyo, mgonjwa anayeambiwa hayo na muuguzi pekee anaweza kubaki na wasiwasi, hasa ikiwa amesikia kinyume chake. Inafaa andiko lipitiwe na mwanazuoni anayeaminika katika jamii, na hilo lielezwe wazi ndani yake.

Mwisho, uelewa upimwe. Mgonjwa wa Unguja, kwa adabu yake, huweza kujibu “nimefahamu, daktari” hata kama hakufahamu, kwa kuwa kukiri kutoelewa mbele ya mtaalamu huonekana ni kumvunjia heshima. Kwa hiyo asiulizwe kama amefahamu. Aombwe aeleze kwa maneno yake: “Bibi, ukirudi nyumbani utamwambiaje mwanao kuhusu sindano ya futari?” Jibu lake ndilo litakaloonesha kasoro ya maelezo, nayo irekebishwe katika andiko lenyewe.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kuaminika kwa chanzo ni sharti la lazima lakini lisilotosheleza katika elimu ya mgonjwa. Vigezo vya JAMA na DISCERN vinachuja uongo na biashara iliyojificha. Havikuundwa kuuliza mashine ya mgonjwa inasoma kipimo gani wala saa yake inahesabiwa vipi. Jukumu hilo ni la mtoa elimu aliye karibu na mgonjwa. Inapendekezwa kwamba kliniki za kisukari kisiwani ziwe na karatasi moja ya maelezo ya Ramadhani, iliyoandikwa moja kwa moja kwa Kiswahili badala ya kufasiriwa na mashine, yenye tarehe na jina la aliyeihakiki, na inayopitiwa upya kila mwaka katika mwezi wa Rajabu, wakati ambapo bado kuna nafasi ya mgonjwa kuonana na daktari na kubadilishiwa dawa kabla ya saumu kuanza.